Mkono wa Anande

Mkono wa kushoto wa Anande ulipoanza kumpiga mwenyewe shavuni, kijiji kizima cha Kikwe kilikuwa na maelezo isipokuwa mama yake. Wapo waliosema ni pepo. Wapo waliosema ni tabia, kwamba mtoto hakuchapwa mapema. Jirani mmoja, ambaye hata kuku wake mwenyewe walimshinda kuchunga, alisimama kwenye uzio akamwambia mama huyo, Tabea, kuwa watoto wa namna hiyo wakifika miaka minane hugeuka, na dawa yao ni kamba. Tabea alimshukuru kwa ushauri. Wameru tumefundishwa adabu, na kuna siku adabu inaumiza kuliko tusi.

Anande alikuwa mtoto pekee wa Tabea na Sifaeli. Hakuwa anasema. Akifurahi alivuma kwa ndani ya koo, akikasirika alinyamaza kabisa. Alipenda kuchana majani. Jani la mgomba, la muhindi, lolote lenye mishipa iliyonyooka, alilichana kwa urefu nyuzi nyuzi mpaka liishe, kisha akanyoosha mkono apewe jingine. Miaka miwili nyuma daktari mmoja aliwaambia kuwa hali hiyo inaitwa usonji. Si laana, alisema, si kosa la mama, wala haiondoki kwa kiboko. Mtoto amezaliwa hivyo, anaipokea dunia kwa namna yake. Siku ile Tabea alilia kwa furaha, kwa sababu alikuwa amepata neno. Akawatajia wakwe, akawatajia walimu, akamtajia mchungaji. Hakujua kuwa mlango alioufungua kwa neno hilo, watu wangekuja kuufunga kwa neno hilohilo.

Sasa mkono. Ulipiga wakati wa kula, ukapiga wakati wa kulala, mpaka ngozi ya shavu ikachubuka na kuwa nyekundu. Loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, aliyokuwa akiila mpaka anaramba bakuli, akawa anaisukuma. Chai ya moto aliimwaga. Usiku alizunguka chumbani akivuma mvumo mwingine, mwembamba, ambao Tabea hakuwahi kuusikia.

*

Mama yake Sifaeli, Bibi Hanna, aliteremka kutoka Akheri, kule mlimani, na mkungu wa ndizi kichwani na jibu tayari mdomoni.

"Shikamoo, mama," Tabea alimpokea mzigo.

"Marahaba. Bado anajipiga?"

"Bado."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kushoto."

Bibi Hanna alijifuta jasho kwa ncha ya kitenge, taratibu. "Na ni mkono gani uliochana isale la mpaka?"

Wakati wa Krismasi, kule Akheri, Anande alikuwa amekaa chini ya uzio uliopandwa na babu yake na kuchana majani ya isale mpaka shina moja likabaki tupu. Kwa Wameru hilo si jani la kuchezea. Ndilo linalosimama kwenye mpaka kati ya ndugu na ndugu wasiuane, na mtu akimkosea mwenzake hulishika mkononi akaenda kuomba msamaha, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa. Siku ile Bibi Hanna aliuchapa mkono wa mjukuu wake mbele ya wageni wote. Bibi huyu hakukosa ibada hata Jumapili moja, lakini mambo ya isale hakumwachia Mungu peke yake.

"Mama, hospitali walisema ni usonji."

"Usonji alikuwa nao mwaka jana. Mwaka jana alijipiga?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa katika jambo hili. Bahati mbaya aliyeliuliza hakuwa akitafuta jibu. Tabea akamtazama mumewe.

Sifaeli alikuwa ameketi kwenye kigoda akifunga waya kwenye mpini wa jembe. Alikuwa mtu mwema, yaani mtu wa kukubaliana na aliyesema mwisho. "Tujaribu hospitali kwanza," alisema, "halafu tumsikilize mama." Akarudi kwenye waya wake.

*

Waliuza mbuzi jike mwenye mimba ili Tabea ampeleke mtoto kwa daktari anayesifiwa huko Njiro, mjini, mahali penye geti na kochi la kungojea. Mama mmoja aliyekuwa amekaa upande wa pili wa kochi alimvuta mwanawe akamweka mbali, kwa upole, kama mtu anayeondoa nguo isichafuke.

"Mama, mtulize mtoto wako," dada wa mapokezi alisema. "Hapa kuna wagonjwa."

"Na huyu kaja kufanya nini?"

Dada akarudi kwenye simu yake.

Daktari alikuwa kijana nadhifu. Hakuinuka kitini tangu walipoingia mpaka walipotoka. Tabea alipoanza kueleza, alitaja usonji kwanza, kama alivyozoea, ili asaidiwe vizuri. Hapo ndipo alipojiharibia.

"Ana usonji? Basi ndiyo yenyewe hiyo," daktari alisema. "Hujipiga hawa."

"Lakini hakuwa anajipiga, daktari."

"Huanza."

"Na anapiga upande mmoja tu. Halafu hali chakula kigumu. Labda ungemtazama mdomoni."

"Mama, kati yangu na wewe daktari ni nani?"

Hata hivyo aliwasha tochi ya simu na kuielekeza kwa mbali. Anande alifungua kinywa kupiga kelele, mwanga ukaingia, ukatoka. Daktari akacheka kidogo. "Meno ya kahawia! Nyinyi ni wa Kikwe, siyo? Maji yenu hayo. Hamna kitu hapo."

Ni kweli. Maji ya huku chini yana madini yanayoyapaka meno rangi tangu utotoni, na hakuna familia iliyosalimika. Wasichana wa Kikwe hucheka kwa mkono mdomoni. Wakienda shule mjini huitwa majina. Tabea, ambaye naye alizaliwa na kunywa maji hayohayo, alifunga mdomo wake palepale, na mpaka anapewa dawa hakuufungua tena. Alikubali. Tusimlaumu sana. Kwao jino la kahawia ni jino tu, kama vile udongo mweusi ni udongo tu. Nani atalitazama akafikiri ugonjwa?

Dawa ilikuwa ya kutuliza. Anande alilala mchana kutwa huku mate yakimtoka, hamjui mama wala baba. Wageni wakasifu kwamba sasa nyumba imetulia. Lakini hata katika usingizi ule mzito mkono wa kushoto uliinuka, polepole, ukapiga shavu, ukaanguka.

*

"Hospitali mmejaribu," alisema Bibi Hanna. "Mbuzi ameliwa. Sasa mtanisikiliza."

Alhamisi alikuja na Mwinjilisti Manase, mtu wa sauti kubwa na viatu vinavyong'aa, mwenye nyumba ya maombi juu mlimani ambayo haikuwa ya kanisa lolote ila lake. Manase alimtazama Anande kama fundi anavyotazama redio mbovu. Akasema mkono ndio mlango, na mlango lazima ufungwe kabla adui hajaamriwa kutoka.

Wakaufunga. Bibi Hanna aliishika mikono yote miwili ya mjukuu wake nyuma ya mgongo, akaizungushia khanga na kukaza fundo kwa meno. Anande alirusha mateke.

"Mama Anande, shika miguu," Manase aliamuru.

Tabea akashika miguu. Hilo ninalisema kwa sababu yeye mwenyewe baadaye hakulificha. Aliishika miguu ya mwanawe kwa mikono yake miwili wakati waombaji waliokuja na Manase wanapaza sauti juu ya kichwa chake, na Anande akamtazama yeye, siyo Manase, siyo bibi, yeye. Kwa kuwa mikono haikupatikana, mtoto alianza kusugua shavu lake sakafuni, kwenye saruji, upande uleule wa kushoto, mpaka likatoka damu.

"Mnamwona anavyogaagaa?" Manase alisema. "Adui anaona moto."

Walipomfungua, mkono ulipiga kwa nguvu kuliko kabla. Manase alivaa koti. "Huyu si wa siku moja. Jumamosi mleteni abaki kwangu. Ninao wengine, wanafungwa usiku na mchana mpaka waelewe. Mama yake asije, atapunguza nguvu ya maombi."

"Abaki mpaka lini?" Tabea aliuliza.

"Mpaka apone."

"Na asipopona?"

Bibi Hanna akapiga magoti yake kwa viganja. "Unaona? Imani haipo. Ndiyo maana mtoto yuko hivi."

Wote wakamgeukia Sifaeli. Alitazama viatu vya Manase, akamtazama mama yake, akatazama mlango.

"Jumamosi ni sawa," alisema.

*

Ijumaa Tabea hakwenda shamba. Alimkalia mwanawe karibu akimtazama, maana alijua kesho yake saa kama hizo atakuwa amefungwa kwenye nguzo ya mtu. Alimchukia Manase, akamchukia mama mkwe, akamchukia mume wake aliyekuwa akipiga mswaki nje kwa utulivu kana kwamba hakuna kesho.

Anande alitambaa mpaka kwenye ndoo ya bati yenye maji. Akalalia ubavu, akaweka shavu la kushoto kwenye bati lile la baridi, akafumba macho. Mkono ukatulia. Baada ya muda bati likapata joto la mwili. Akainua kichwa, akasogea kidogo mahali penye baridi, akalaza shavu tena.

Mkao ule Tabea aliujua. Alipokuwa na mimba ya Anande aliumwa jino, na kwa siku nyingi alikuwa akienda mtoni kabla watu hawajaamka, analaza shavu kwenye jiwe lenye maji, anasogea kila jiwe likipata joto. Hakumwambia mtu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Alipiga magoti, akafungua mdomo wa mwanawe kwa vidole. Akaona kahawia. Kahawia juu, kahawia chini, kama mdomo wake mwenyewe, kama midomo ya watu wote aliowahi kuwapenda. Jicho halikumsaidia chochote. Lakini pua ilisikia: harufu ya kitu kilichooza. Akapeleka kidole nyuma kabisa, upande wa kushoto, na Anande akamng'ata mpaka mfupani.

"Nini tena?" Sifaeli aliuliza akiwa mlangoni na povu mdomoni.

"Mtoto anaumwa jino."

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Ametwambia mwezi mzima."

"Daktari aliangalia mdomo, Tabea."

"Aliangalia Kikwe. Mdomo hakuuangalia."

Sifaeli alitema povu. "Usianze. Mama amekwisha kumwahidi Manase. Usiniaibishe."

*

Jumamosi kabla hakujapambazuka vizuri Tabea alikata majani ya isale kwenye uzio ambao Sifaeli aliupanda kwa mbegu ya Akheri, akayafunga kwa kamba ya mgomba, akambeba mtoto mgongoni, mtoto mkubwa vile, akakata mashamba kuelekea barabara ya lami. Hakuaga. Simu ilipoanza kuita akiwa mjini, aliizima.

Chumba cha meno katika hospitali aliyokwenda kilikuwa na foleni mpaka uani. Watu walilalamika kwamba mtoto anavuma. Mzee mmoja akauliza kwa nini wendawazimu wanaletwa penye watu. Zamu yao ilipofika, daktari, mama wa makamo aliyeitwa Lilian, alikuwa amesimama akivua glavu za mgonjwa aliyetangulia, na uso wake ulisema amechoka na binadamu wote.

"Huyu nani atamshika?"

"Hashikwi, daktari. Akishikwa hatutajua kitu. Ana usonji, na ana jino."

"Jino gani? Fungua." Akachungulia. "Mama, haya ni meno ya maji. Nyote mnayo huko. Hakuna dawa ya rangi."

"Sijaja kwa rangi. Naomba uyagonge, moja moja."

"Unajua kuna watu wangapi nje?"

"Wananijua, wamenitukana tangu asubuhi. Daktari, nimeuza mbuzi kumlipa mtu ambaye hakuinuka kwenye kiti chake. Wewe tayari umesimama. Ukigonga yote asishtuke, nitakuomba radhi mbele ya foleni nzima, na mtoto nitampeleka akafungwe kamba, maana ndiko anakongojewa leo."

Daktari Lilian alimtazama. Hakulainika, la, alionekana kuudhika zaidi. Lakini alivaa glavu mpya.

Tabea akafungua mzigo wa majani, akampa mwanawe moja. Anande akaanza kuchana. Kile kijiti cha chuma kikagonga jino la kwanza, tii. Jani likachanika. La pili, jani likachanika. Upande wa kulia ukaisha wote bila neno. Kikaja kushoto, juu, na uzi wa jani ukaanguka sakafuni. Kikashuka chini, nyuma, kwenye gego.

Vidole vya Anande vilisimama. Kisha akatoa ukelele uliowanyamazisha watu wa uani.

Daktari alichukua taa, akageuza kioo kidogo, akakaa hivyo kwa muda. Gego lile lilikuwa kahawia juu kama wenzake, zima kabisa kwa macho. Ila ubavuni, chini, palikuwa na tundu, na alipobonyeza ufizi usaha ulitoka.

"Limeoza mpaka kwenye mzizi," alisema. Ukali ulikuwa umemtoka. "Hili lina muda gani?"

"Mwezi, labda zaidi."

"Mtu mzima angelia barabarani."

"Amelia, daktari. Hatukusikia."

Walilazwa. Mtoto akapewa dawa ya usaha, na baada ya siku mbili akatiwa usingizi, jino likatolewa. Daktari Lilian alieleza kuwa usonji upo na utaendelea kuwepo, haukuwa kwenye jino. Tabea akajibu kwamba usonji hana ugomvi nao.

Alipowasha simu, sauti ya Sifaeli ilikuwa imekauka. "Manase alikuja akakaa hapa mpaka mchana. Watu wameona. Umenivua nguo."

"Vaa nyingine," Tabea alisema. "Sisi tunarudi kesho."

*

Waliwakuta wote wawili uani, Bibi Hanna na mwanawe Sifaeli, wamekaa kama watu wanaongoja kusuluhishwa. Tabea hakusalimia kwanza, na hilo lilionekana. Alifungua kipande cha pamba, akaliweka jino mezani karibu na kikombe cha mama mkwe wake.

Bibi Hanna aliligeuza kwa ukucha. Juu lilikuwa jino la kawaida la watu wa huku. Akaligeuza tena, akaona tundu.

"Nani angeona hapa?" alisema.

"Hakuna. Hata mimi sikuona." Tabea alielekeza kidevu kwa mtoto. "Ila yeye alikuwa anatuonyesha, mama. Alipiga pale panapouma, kila siku, mbele yetu. Sisi tukaufunga ule mkono."

Anande alikuwa amekaa kwenye majani chini ya uzio. Mkono wa kushoto ulikuwa mapajani, umetulia, na kwenye kifundo palikuwa na alama ya khanga ambayo bado haijafutika. Bibi Hanna alipaona. Akainuka, akafunga kitenge chake, akaondoka kupanda Akheri bila kwaheri. Tabea alidhani yamekwisha hapo, na kusema kweli hakujali.

Jumapili baada ya ibada bibi akarudi, na nguo zake za kanisani. Mkononi alishika jani moja la isale. Alimfuata Tabea moja kwa moja, akalinyoosha, uso umekaza kama mtu anayemeza shubiri. Mama mkwe kumletea mkamwana isale! Hata Sifaeli aliyekuwa akinywa chai aliduwaa, kikombe hewani.

"Si mimi, mama," Tabea alisema.

"Isale halikataliwi!" Sauti ya Bibi Hanna ilipasuka. "Unajua wewe? Umelelewa wapi?"

"Sijakataa. Mimi sikufungwa. Mwenyewe yule pale."

Bibi Hanna aligeuka kumtazama mtoto. Akamtazama tena Tabea, na kama macho yangekuwa fimbo, siku ile pangetokea jeraha. Lakini jani lilikuwa mkononi, na ukishalichuma huwezi kulirudisha kwenye mti. Akavuka uwanja. Magoti yake ya uzee yalilia alipoinama. Akalinyoosha jani mbele ya mjukuu wake.

Anande alilipokea kwa mkono wa kushoto. Akalinusa. Kisha akafanya analofanya siku zote: akalichana kwa urefu, uzi baada ya uzi, akivuma kwa ndani ya koo. Bibi Hanna alitazama jani ambalo alimchapia mkono huohuo likiisha miguuni pake, na hakusema kitu, kwa sababu wazee hawakuacha neno lolote la kusema mahali kama hapo.

Uzi wa mwisho ulipoanguka, Anande alinyoosha mkono.

"Anataka nini?" bibi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jingine," Tabea alisema.

Akaenda mwenyewe kwenye uzio. Akachuma jani, akapiga magoti kando ya mama mkwe wake bila kumtazama, akampa mwanawe, kwa ajili ya ile miguu aliyoishika. Anande akalichana nalo, taratibu, mpaka likaisha. Akanyoosha mkono tena.

Wanawake wawili wakageuza vichwa kuelekea mezani. Sifaeli alitazama chai yake. Alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, akingoja mmoja wao aseme kitu ili akubaliane naye. Hakuna aliyesema. Mkono wa mtoto ulikuwa bado umenyooshwa.

Akaweka kikombe chini, akainuka kwenda kwenye uzio.